Umemaliza kemia na uko Malindi: jinsi ya kutafuta kazi, hatua kwa hatua

Kila baada ya mahafali mimi hupokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo. Nimemaliza shahada ya kemia, niko nyumbani Malindi, kazi ziko wapi?" Wengine huongeza, "Nimeambiwa kemia haina kazi, ni kweli?" Nimefanya kazi katika maabara za ukanda huu miaka mingi, kwanza kwenye chumvi, kisha kwenye maji, na majibu yangu hayabadiliki sana. Kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, uyasome kwa utulivu kisha uanze.

Jibu fupi ni hili. Kazi yenye jina "mkemia" Malindi ni adimu mno. Kazi ya kupima ipo, ila haijitangazi kwa jina la shahada yako. Mahali popote ambapo sheria inamlazimisha mtu apime kitu kabla hajakiuza, hajakinywesha watu au hajakimwaga, hapo pana mtu anayelipwa kupima. Utafutaji wako wote ufuate sheria hizo. Ukielewa hili, nusu ya kazi umeimaliza.

Kuhusu hali ya soko sitakuficha. Ni dogo. Kiwanda chenye vibarua wengi uwanjani kinaweza kuwa na maabara ya watu wachache wanaopokezana zamu, na nafasi hufunguka mmoja wao anapohama au kiwanda kinapopanuka. Mgodi wa titani wa Kwale ulimaliza kuchimba Desemba 2024, na watu wenye uzoefu wa maabara walirudi sokoni wakati ule ule ambao mhitimu mpya alikuwa akiandika barua yake ya kwanza. Miradi mikubwa pia isikufunge macho. Vijana wa Lamu waliambiwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kingeleta ajira. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake. Kuna waliosubiri kinu cha nyuklia cha Uyombo hivyo hivyo. Mradi ambao haujajenga hata ukuta usiuweke kwenye hesabu zako.

Na makala za Ulaya na Marekani uzisome kwa uangalifu. Nimeletewa nyingi na vijana waliokata tamaa. Mwaka 2011 Jumuiya ya Kemia ya Marekani iliripoti kwamba asilimia 4.6 ya wanachama wake hawakuwa na kazi, na wao waliiona ni hali mbaya sana, ingawa nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 9. Sababu zilikuwa za kwao: kampuni kubwa za dawa ziliungana, kama Pfizer ilipoinunua Wyeth mwaka 2009, hataza za dawa zilizowaingizia mabilioni zikaisha muda, na vituo vya utafiti vikafungwa, kikiwemo cha Pfizer kule Sandwich, Uingereza. Hapa kwetu hatukuwa na vituo hivyo vya kufungwa. Kemia yetu ni ya chumvi, maji, saruji, mafuta, chakula na bandari. Hupanda na kushuka kwa sababu nyingine kabisa.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Cheti cha shahada na matokeo ya masomo yote, pamoja na nakala zilizothibitishwa na wakili. Kama cheti bado hakijatoka, omba barua ya chuo inayosema umekamilisha.
- Cheti cha KCSE. Wengi hukisahau, na wasimamizi wa ajira hukiuliza.
- Kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF na usajili wa SHA.
- Cheti cha tabia njema cha DCI. Maombi huanzia eCitizen, kisha alama za vidole. Kianze leo, kwa sababu huchukua muda wake.
- Barua za idhini za HELB (mikopo ya elimu), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na ofisi ya taarifa za mikopo: hizi ni za kazi za serikali. Usizilipie zote kabla tangazo halijazitaja, maana baadhi hulipiwa na zikikaa hupitwa na wakati.
- Anwani ya barua pepe yenye jina lako. Ile ya enzi za sekondari iache.
- Kikokotoo cha kawaida na daftari gumu.
- Viatu vilivyofunika mguu wote. Nimeona vijana wakirudishwa langoni kwa sababu ya ndara.
- Nauli ya wiki tatu iliyowekwa kando. Utafutaji huu haufanyiki kwa simu peke yake.

Hatua ya 1. Andika unachoweza kupima

Chukua daftari. Usiandike masomo uliyosoma. Andika vitu ulivyowahi kuvipima kwa mikono yako, kimoja kwa mstari: kitu, njia, kifaa, mara ngapi. Mfano: "Klorini iliyobaki katika maji, kwa kulinganisha rangi, mara kama ishirini." "Ugumu wa maji, kwa EDTA na bureti, mara sita." "Chuma katika maji, kwa spektrofotomita, mara mbili, nikisaidiwa."

Kuwa mkweli kwenye neno "nikisaidiwa". Msimamizi wa maabara akikuuliza swali la pili atajua tu.

Orodha yako ikiwa fupi, usiogope. Vyuo vyetu vingi vina wanafunzi wanane kwa bureti moja, na si kosa lako. Ila sasa umejua pengo lako, na Hatua ya 3 ndiyo ya kuliziba.

Hatua ya 2. Chora ramani ya wanaolazimika kupima

Hapa ndipo utumie siku nyingi zaidi. Ukurasa mmoja kwa kila kundi: nani, wako wapi, wanapima nini, sheria gani inawalazimisha.

*Chumvi.* Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, kisha Gongoni, Kurawa hadi Marereni, uko kwenye mashamba ya chumvi yanayoilisha sehemu kubwa ya nchi. Chumvi ya kula Kenya ni lazima iwekwe iodini, chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Kwa hiyo kila kiwanda kinachofunga chumvi ya mezani kinahitaji mtu wa kupima iodini zamu kwa zamu, pamoja na unyevu na uchafu usioyeyuka. Huko mashambani nako kuna kazi ya kufuatilia maji kwenye mabwawa. Maji ya bahari huanza karibu digrii 3.5 za Baumé (kipimo cha ukolezi wa maji ya chumvi), chumvi huanza kuganda karibu 25.5, na yakiachwa kupita 29 au 30, chumvi za magnesiamu huingia na mzigo hutoka mchungu, unaovuta unyevu. Mhitimu anayeyajua haya kabla hajafika langoni husikilizwa tofauti na yule anayesema tu "naomba kazi yoyote".

*Maji.* Malindi hunywa maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, na bomba hilo hilo huelekea Kilifi na Mombasa. Kampuni ya maji na wakala wa maji wa Pwani wanalazimika kupima klorini, vijidudu na kutibuka kwa maji. Nafasi ni chache na hutangazwa rasmi, kwa hiyo fuatilia mbao za matangazo na tovuti zao, pamoja na za Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kilifi.

*Hoteli.* Kundi hili hupuuzwa mno. Hoteli inayomwaga maji taka inahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya Kanuni za Ubora wa Maji, na sampuli zake zipimwe na maabara inayotambuliwa. Ina bwawa la kuogelea, na mara nyingi kisima chake chenye chumvi na mtambo wa kuyachuja maji hayo. Hoteli haiajiri mkemia, lakini fundi wake mkuu anahangaika na maji kila wiki. Tutarudi kwake Hatua ya 8.

*Chakula.* Samaki, maziwa, mafuta ya nazi, vinywaji, maji ya chupa. Anayetaka alama ya ubora ya KEBS lazima bidhaa yake ipimwe. Viwanda vidogo vingi havijui hata pa kuanzia.

*Serikali na utafiti.* Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara Mombasa, na hapo ndipo cheo cha mkemia kipo kweli. KEBS wako Mombasa pia, na KMFRI ya utafiti wa bahari. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, ambacho hutangaza nafasi za mafunzo kwa wahitimu. Wanatafuta zaidi watu wa biolojia na takwimu, lakini kemia ya kupima dawa katika damu ni kemia.

*Mombasa na njiani.* Saruji Vipingo na Bamburi, mabati Mariakani, mafuta na bandari, pamoja na maabara binafsi za ukaguzi wa mizigo. Ukiwa Malindi usijifungie Malindi. Walio wengi kati ya niliosoma nao walipata kazi ya kwanza Mombasa, wakarudi huku baadaye wakiwa na uzoefu.

Angalizo: matangazo mengi huandikwa kwa Kiingereza na kwa vyeo vya kila aina, kuanzia ukaguzi wa ubora, yaani QC, hadi usalama kazini, mazingira, uzalishaji na mauzo ya kemikali. Soma majukumu kabla ya cheo. Usiidharau kazi ya kuuza kemikali za maji na vifaa vya maabara. Anayeuza huingia kila kiwanda, hujua nani anahama na nani anapanua, na hujulikana kwa jina.

Hatua ya 3. Rudisha mikono na hesabu

Wiki mbili, saa mbili kwa siku. Huhitaji kusoma upya kemia yote. Rudia hesabu za moli, kuyeyusha na kupunguza makali, na titresheni, yaani kupima kwa kudondosha kimiminika chenye nguvu inayojulikana hadi rangi ibadilike. Nyingi ya kazi za ukanda huu zimo humo.

Fanya mfano huu wa iodini mpaka uweze kuueleza ukiwa umefumba macho. Unayeyusha gramu 10 za chumvi, unatia asidi ya salfuriki kidogo na iodidi ya potasiamu, unaufunika mchanganyiko na kuuweka gizani dakika 10. Iodeti iliyomo huachia iodini, rangi ya manjano inatokea. Unatitreti kwa thiosulfeti ya sodiamu ya moli 0.005 kwa lita. Manjano ikipauka ndipo utie wanga, rangi igeuke ya buluu nzito, kisha uendelee polepole hadi itoweke. Kila mililita moja ni sawa na miligramu 10.58 za iodini kwa kilo ya chumvi. Ukisoma mililita 4.20, jibu ni 4.20 × 10.58, yaani miligramu 44.4 kwa kilo. Usikariri hiyo 10.58. Itafute mwenyewe kutoka kwenye mlinganyo: iodeti moja hutoa molekuli tatu za iodini, nazo hula thiosulfeti sita.

Na huu wa maji: tangi la mita za ujazo 50, unataka kutia klorini miligramu 2 kwa lita, una unga wa asilimia 65. Lita 50,000 × 2 ni gramu 100 za klorini. Gawanya kwa 0.65, upate gramu 154 za unga. Kumbuka pia viwango vya Shirika la Afya Duniani: baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na isipungue 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji.

Soma pia, hata kwa juu juu, ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, kiwango cha umahiri wa maabara. Maabara nyingi sasa zinatafuta ithibati ya KENAS, shirika la kitaifa la kuthibitisha maabara, chini ya kiwango hicho, na zinahitaji mtu anayeelewa kwa nini mizani hukaguliwa kila asubuhi, kwa nini daftari halifutwi kwa raba, na kosa hurekebishwaje: mstari mmoja, saini, tarehe. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo mlango unapopanuka polepole, na ndipo vijana wachache mno wanapochungulia.

Hatua ya 4. Andika wasifu wa kurasa mbili

Orodha ya Hatua ya 1 ndiyo moyo wake. Iweke juu, kabla ya shule ya msingi. Barua iwe ya nusu ukurasa na itaje kitu cha mwajiri yule. Kwa kiwanda cha chumvi, taja iodini na unyevu. Kwa kampuni ya maji, taja klorini na uchukuaji wa sampuli. Barua moja iliyobadilishwa jina la kampuni tu hutambulika mara moja, na kuna waliosahau hata kulibadilisha hilo jina.

Hatua ya 5. Nenda langoni kwa wakati wake

Huku kwetu nafasi nyingi ndogo hazifiki kwenye gazeti. Hujazwa na mtu aliyepita juzi na kuacha karatasi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Jali majira. Kiangazi cha kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndicho cha kuvuna chumvi kwa wingi, na mvua za masika huyatibua mabwawa. Kwa hiyo peleka barua zako kaskazini, kwenye chumvi, Oktoba na Novemba, viwanda vinapojipanga. Ukienda Mei, wakati vibarua wenyewe wamerudishwa nyumbani, utaambiwa hakuna na itakuwa kweli. Hoteli nazo hutulia Aprili hadi Juni. Huo ndio wakati fundi mkuu ana nafasi ya kukusikiliza.

Fika asubuhi. Msalimie askari wa lango kwa heshima, kama mzee wako, kwa sababu mara nyingi ndiye atakayekwambia kama meneja wa ubora yupo na ana hali gani. Uliza jina la msimamizi wa maabara, acha bahasha kwa jina lake, omba namba ya ofisi. Andika tarehe kwenye daftari. Rudi baada ya wiki tatu, mara moja. Usipige simu kila siku.

Hatua ya 6. Tafuta mafunzo ya kazi, lakini yenye mpaka

Ukiwa bado mwanafunzi, tumia muda wako wa mazoezi vizuri. Viwanda vingi hudai barua ya chuo na bima ya ajali. Ukishahitimu, angalia nafasi za mwaka mmoja za Tume ya Utumishi wa Umma, na za mashirika ya utafiti.

Ukipewa mafunzo bila malipo, kubaliana mambo matatu kabla ya kuanza: ni miezi mingapi, utajifunza vifaa vipi, na utapewa barua gani mwishoni. Miezi mitatu inavumilika kama unagusa kifaa. Nimemwona kijana akikaa mwaka na nusu akiosha vyombo vya kioo kwa ahadi ya "mwezi ujao". Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, ila hakuna aliyemwambia ukweli pia, na nauli ilikuwa inatoka kwa mama yake anayeuza mahamri. Jambo hilo liliniuma sana.

Hatua ya 7. Jiandae kwa mahojiano ya vitendo

Maswali ya mdomo ni sehemu ndogo. Maabara nzuri itakuweka mbele ya bureti na kukuangalia.

Mahojiano yangu ya kwanza, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, nilitia wanga tangu mwanzo wa titresheni. Wanga ikaishika iodini, rangi ikakataa kuondoka vizuri, nikapita mwisho wake. Kisha nikaandika 4.2 badala ya 4.20. Msimamizi akaniuliza, "Ile sifuri iko wapi?" Nikamwambia ni sawa tu. Sikuipata kazi ile, na alikuwa na haki. Bureti husomwa hadi desimali ya pili, na sifuri ile inamwambia msomaji ulisoma kwa makini kiasi gani.

Wanachoangalia, kwa mpangilio: kama umevaa miwani na glavu bila kuambiwa, kama umesuuza bureti kwa kimiminika chenyewe, kama umeandika namba mara tu ulipoisoma, kama umerudia kipimo, na kama umesema "sijui" pale usipojua. Hilo la mwisho limewapa kazi watu ninaowafahamu.

Hatua ya 8. Ukiwa unasubiri, pima

Rudi kwa yule fundi mkuu wa hoteli, na kwa wasimamizi wa nyumba za wageni zilizojaa kuanzia Silversands hadi Casuarina. Jua la Malindi huila klorini ya bwawa mchana kutwa, na watunza bwawa wengi hutia kwa kukadiria. Kifaa kidogo cha kupima klorini na pH, daftari, na baiskeli au pikipiki vinatosha kuanza. Bwawa likae pH 7.2 hadi 7.8, klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Pima mara mbili kwa wiki, mwandikie mwenye nyumba namba na kiasi cha kutia. Ukimpunguzia gharama ya kemikali mwezi wa kwanza, atakutambulisha kwa jirani.

Kwa visima, unaweza kupima chumvi na ugumu kwa makadirio, umshauri mwenye kisima. Lakini usitoe cheti cha kusema maji ni salama kunywa. Hicho ni cha maabara yenye vijidudu na metali kwenye orodha yake na ithibati ukutani. Chukua sampuli vizuri, ipeleke Mombasa, na ulipwe kwa kuchukua na kufafanua matokeo.

Onyo ambalo sitalipunguza: usichanganye kamwe asidi ya bwawa na unga wa klorini, wala kutumia ndoo moja kwa vyote viwili. Hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Watunza bwawa huviweka kwenye stoo moja yenye joto. Ukivikuta hivyo, kazi yako ya kwanza siku hiyo ni kuvitenganisha.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kufungua "kemisti". Kwa sababu duka la dawa huitwa kemisti, jamaa watakusukuma: "Si umesoma kemia? Fungua duka." Shahada ya kemia haikuruhusu kuuza dawa. Hilo ni la watu waliosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Waeleze wazee kwa upole, mara moja, na usikubali mtu atumie jina lako.

Kuomba kazi za maabara ya hospitali. Wale husajiliwa na bodi yao ya maabara za tiba, na kemia tupu haikufikishi huko.

Kulipa ili uajiriwe. Hakuna mwajiri wa kweli anayekutumia namba ya simu utume pesa ya "fomu", "vipimo vya afya" au "sare". Kwa kazi za Ghuba, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa hata nakala ya pasipoti.

Kukimbilia shahada ya pili kwa sababu tu kazi haijapatikana. Kama utafiti unawaka moyoni mwako, nenda. Kama ni kukimbia aibu ya kukaa nyumbani, utatoka na deni na swali lile lile.

Ukikwama

*Umepeleka barua ishirini, kimya.* Mpe mtu wa maabara, si ndugu yako, wasifu wako aukosoe wazi. Mara nyingi tatizo ni kwamba haionekani unachoweza kupima. Kisha angalia ramani yako: kama barua zote ishirini zilikwenda kwa ofisi za serikali, badilisha.

*Unaitwa mahojiano, huchukuliwi.* Piga simu uliza, kwa adabu, ulipungukiwa wapi. Nusu yao hawatajibu. Mmoja atajibu, na jibu hilo lina thamani kuliko kozi ya wiki.

*Wanataka uzoefu wa miaka miwili.* Omba hata hivyo kama unaweza vipimo vinavyotajwa kwenye majukumu. Daftari la mabwawa na visima la Hatua ya 8, lenye tarehe na namba, ni uzoefu. Lipeleke mezani.

*Unafikiria ualimu.* Ni njia ya heshima, na tangu sekondari msingi ianze 2023 kuna hitaji la walimu wa Sayansi Jumuishi. Lakini shahada ya sayansi peke yake haitoshi. Unahitaji stashahada ya uzamili ya elimu, usajili wa TSC (tume ya walimu), na alama ya C+ kwenye KCSE pamoja na C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha. Angalia cheti chako cha KCSE kabla hujalipa karo.

*Nyumbani wanakuuliza kila siku.* Waoneshe daftari. Mzazi akiona tarehe, majina ya viwanda na namba ulizopima, maswali hupungua, kwa sababu anaona unakwenda kazini kila asubuhi ingawa hujalipwa.

*Umepata kazi, na mkubwa anataka uandike namba ambayo hukupima.* Itakujia, hasa lori likiwa limesimama nje linangoja cheti. Ilinikuta mwaka wangu wa pili. Usibishane kwa sauti. Mwambie utaipima sasa hivi, taja dakika utakazohitaji, na uanze. Titresheni ya iodini haizidi nusu saa pamoja na zile dakika kumi za giza. Siku ile nilipima magunia kutoka pande tatu za lori, mawili yakawa chini ya kiwango, na mzigo ukarudishwa kutiwa iodini upya. Dereva aliondoka Gongoni saa mbili usiku akiwa amekasirika, na namba zilizokuwa kwenye cheti chake nilikuwa nimezisoma mwenyewe kwenye bureti.